Maneno ya Padri Niliyoyageuza

Jumapili hiyo tulifunika madirisha ya kanisa kwa mablanketi, saa nane mchana, ndio picha ionekane. Pasta alikuwa ameileta kutoka chuo cha Biblia anakosomea. Alisema ni filamu ya zamani, haina rangi, inahusu imani, na walimu wake wanaisifu sana. Yeye mwenyewe alikuwa hajaiangalia mpaka mwisho. Hilo silisemi kumlaumu. Ana ng'ombe wa kukamua, ana majani ya chai ya kuchuma kama sisi, na ana kanisa lingine upande wa Soin.

Watu wa filamu hiyo wanaongea lugha ambayo hapa kwetu hakuna anayeijua. Chini kunapita maandishi ya Kiingereza. Pasta akaniambia nikae karibu na laptop, nisome, halafu nitafsiri kwa maikrofoni. Nitafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu kanisani sisi Wakipsigis wa hapa tumechanganyika na wafanyakazi wa estate za chai ambao wazazi wao walitoka upande wa ziwa. Kazi hiyo mimi huifanya wageni wakija. Shule niliachia kidato cha pili, lakini Kiingereza kikiwa kimeandikwa mbele yangu naweza kutembea nacho polepole.

Kuna jambo moja la kutafsiri kanisani ambalo lazima nilieleze, kwa sababu shida yote ilitoka hapo. Mtafsiri hasemi "mhubiri anasema ameokoka." Mhubiri akisema "mimi nimeokoka," mtafsiri naye anasema "mimi nimeokoka." Mzee aliyenifundisha aliniambia siku ya kwanza, "Wewe usiwe kama mtu wa kupeleka umbea. Beba neno kama ni lako." Nimebeba maneno ya watu wengi hivyo. Nimesema mimi nilikuwa mlevi, na pombe sijaonja. Nimesema mimi ni mjane.

Shuka tuliyotundika ukutani ya kuonyeshea picha ilikuwa fupi. Picha ilienea juu yake vizuri, lakini maandishi yaliangukia chini, juu ya kitambaa cha meza chenye maua makubwa, na hakuna aliyeweza kuyasoma hapo. Hata vijana wanaojua Kiingereza kuniliko walinitegemea mimi. Pasta pia, aliyekaa benchi la mbele.

Benchi la pili alikaa dada yangu mkubwa. Dada ana kifafa tangu akiwa darasa la tano. Anakaa kwa boma letu, nyumba yake iko hatua thelathini hivi kutoka yangu, na ana mistari yake ya chai. Mwaka mmoja alikosa dawa wiki mbili akaangukia moto wa jikoni akipika. Nilimtoa mimi. Mkono wa kushoto umekunjana mpaka kwa kiwiko, na vidole viwili havinyooki. Huchuma chai kwa mkono mmoja na nusu, yeye mwenyewe ndiye husema hivyo akicheka. Tangu siku hiyo anameza tembe moja asubuhi na mbili jioni, na alikuwa amekaa miaka sita bila kuanguka.

Sasa filamu. Ni nchi ya mawe, upepo na kondoo. Kuna padri mwembamba anayekohoa, na watu wa kanisa lake wanapungua kila Jumapili. Wengi kanisani kwetu walianza kusinzia. Halafu akatokea mzee amembeba binti yake, na binti akaanguka pale sakafuni mbele ya madhabahu, miguu ikipiga mawe. Waliolala wakaamka. Nilimwangalia dada. Alikuwa ameshika benchi la mbele kwa mikono yote miwili.

Padri aliomba mara ya kwanza. Binti akaanguka tena. Akaomba mara ya pili, na ya tatu, akiwa amelala kifudifudi. Binti akaanguka tena. Yule mzee akasema, nami nikamsemea, "Padri, Mungu amekuambia nini?"

Kanisani hata watoto walinyamaza. Halafu maandishi yakaja. Nitayaandika sasa jinsi yalivyokuwa: "Sijui kama kuna anayenisikia. Nimeomba miaka ishirini na bado sijui. Mpeleke binti yako kwa daktari, na akipewa dawa asiache. Mimi nitabaki hapa niombe, kwa sababu sina kazi nyingine ninayoijua."

Nilisoma neno "sijui" mara mbili. Watu walikuwa wanangoja. Nikasema kwa maikrofoni, "Mungu amenisikia. Chukua binti yako uende naye. Amepona."

Kanisa likasema amina kwa sauti ambayo sijaisikia hata Krismasi. Kwenye shuka padri alikuwa anatoka nje kupiga kengele, uso umekauka, na kanisa lake halina mtu hata mmoja. Kwetu watu waliona ni kengele ya shangwe. Wakapiga makofi wakisimama. Binti haonekani tena katika filamu. Watu wanane walienda mbele kuombewa, na dada yangu alikuwa mmoja wao.

Nimejaribu mara nyingi kuandika kwa nini nilifanya hivyo na kila mara naandika sababu tofauti. Niliogopa kumwaibisha pasta. Ni kweli. Nilimhurumia dada, sikutaka asikie mtoto wa kifafa ameombewa mara tatu bure. Hiyo pia ni kweli, ila si kubwa. Kubwa ni kwamba ningelazimika kusema, kwa kinywa changu, mbele ya watu wanaonijua, "Mimi sijui kama kuna anayenisikia." Maneno ya mlevi nilibeba bila shida kwa sababu mimi si mlevi. Haya yalikuwa yangu. Ni miaka sasa nikiomba nahisi kama naongea kwa nyumba ambayo wenyewe wamehama. Sijawahi kumwambia mtu. Niliona nikiyasema tu, kila mtu atajua kwamba hapo sitafsiri.

Jumatatu asubuhi tulikutana na dada kwenye chai. Alikuwa ametangulia, kikapu tayari kina majani robo.

"Umechelewa, mtafsiri," akasema. "Ama jana umekuwa mtu mkubwa, siku hizi unaamka na jua?"

Nikamwambia nilikuwa nakamua.

"Mimi sikumeza leo," akasema, bila kuacha kuchuma. "Hata jana jioni sikumeza. Nimewacha. Nimeona aibu. Huyo mzee wa filamu alibeba mtoto wake akaamini tu, na mimi niko na Mungu huyo huyo, kila siku nameza kama kuku anadonoa mahindi."

Nilisema nini? Nilisema, "Si ungemeza tu." Alicheka.

"Wewe ndiye ulisema mtoto amepona. Nilikusikia na masikio yangu."

Hapo ndipo ningesema. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Sikusema. Nilihama mstari nikaenda kuchuma upande wake wa chini, mahali shamba linateremka kwenda mtoni, ili akianguka aangukie kwangu.

Jumanne niliamka kuangalia moshi wa jikoni kwake. Moshi ukitoka, naogopa yuko karibu na moto. Moshi ukikosa, naogopa zaidi. Nilipata visingizio vya kwenda: naomba chumvi, narudisha sufuria, nauliza kama ng'ombe wake amepandwa. Mara ya nne akaniuliza kama mke wangu amenifukuza. Mke wangu ndiye aliona chakula changu kimebaki kwa sahani, akadhani ni malaria. Sikumwambia ukweli hata yeye.

Lazima niandike pia jambo baya zaidi. Jumatano dada alikuwa mzima kabisa. Alikuwa akiimba. Alichuma kilo nyingi kuniliko, akabeba mwenyewe mpaka kituo cha kupimia majani, akawaambia wanawake hapo kwamba ana siku tatu bila dawa na Jumapili atatoa ushuhuda. Nilimwangalia nikaogopa kitu ambacho sikutegemea. Je, asipoanguka? Je, kama ule uongo wangu Mungu ameukubali? Basi mimi nitakuwa mtu wa namna gani, ambaye muujiza ulipita kinywani mwake na yeye haamini? Sikujua ninaogopa nini zaidi, aanguke ama asianguke. Mtu anayempenda dada yake hangekuwa na swali kama hilo. Mimi nilikuwa nalo.

Alhamisi asubuhi nilienda kwa pasta. Nilimkuta akinoa panga. Nilimwambia kwamba maneno ya padri niliyageuza.

"Najua," akasema.

Nikadhani hajanielewa, nikarudia.

"Najua, ndugu yangu. Jumatatu niliiangalia tena peke yangu mpaka mwisho." Alijaribu makali ya panga kwa kidole. "Nikaona ulifanya vizuri. Watu wetu hawako tayari kwa mambo kama hayo. Watu wanane walikuja mbele. Hao wanane ningewaambia nini, kwamba mtafsiri alikosea?"

"Dada yangu amewacha dawa."

Pasta aliweka panga chini. Mimi nimemwona pasta huyo akizika mtoto wake mwenyewe, na uso wake siku hiyo haukuwa hivi.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili jioni."

"Na wewe umekaa na hii kitu mpaka Alhamisi."

"Na wewe tangu Jumatatu," nikasema. Halafu nikaomba msamaha, kwa sababu yeye hakujua habari ya dawa na mimi nilijua.

Alisema yeye mwenyewe anameza dawa ya presha kila asubuhi na hajawahi kufikiria kuiacha. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kusema hivyo madhabahuni. Alifikiria. "Hakuna aliyeniuliza," akasema. Akaingia ndani akanipatia laptop ikiwa ndani ya mfuko wa unga. "Mwambie sasa hivi. Ukiona maneno yako hayatoshi, mwonyeshe."

Dada alikuwa jikoni, anachemsha maziwa. Nilimwomba atoke nje kwanza. Alikataa, maziwa yangefurika. Kwa hivyo nilimwambia pale pale, nikiwa nimesimama kati yake na moto.

Alinisikiza mpaka mwisho. Akaepua maziwa. "Unasema uongo ulisema kwa maikrofoni," akasema, "ama uongo ni huu wa leo, kwa sababu umeogopa?"

"Wa maikrofoni."

"Mtu akidanganya Jumapili, Alhamisi nitamjuaje?"

Akaendelea, na hakuwa anapaza sauti, angepaza ingekuwa afadhali. "Na kama Mungu ametumia huo uongo wako? Kwa Biblia alishawahi kusema kwa kinywa cha punda. Siku nne, weri, kijana wa mama. Siku nne sijaanguka. Wewe umenipatia nini miaka yote, zaidi ya kunichunga kama ndama?"

Nikafungua laptop juu ya kiti chake kidogo, nikatafuta mahali pale. Tuliangalia wawili, yeye amekaa kwenye mtungi wa plastiki. Mzee alimbeba binti. Binti akaanguka, mara ya kwanza na zote zilizofuata. Dada aliangalia miguu ile bila kupepesa macho. Yeye hajawahi kujiona akianguka. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza alielewa sisi huwa tunaona nini. Mzee akauliza swali lake. Maandishi yakaja.

Ningeweza kusema "padri anasema." Tulikuwa wawili tu jikoni, hakuna mtu wa kunigombeza. Lakini niliona nikisema hivyo nitakuwa nimejificha tena. Nikasema, "Mimi sijui kama kuna anayenisikia. Nimeomba miaka ishirini na bado sijui. Mpeleke binti yako kwa daktari, na akipewa dawa asiache."

Dada hakuangalia laptop tena. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Hiyo ni yake ama ni yako?"

"Ni yake."

"Nimekuuliza."

"Ni yake na ni yangu."

Nje ng'ombe wake alilia mara mbili, hakuna aliyeenda. "Tangu lini?" akauliza. Nikamwambia nafikiri tangu siku niliyomtoa motoni, lakini pengine nadanganya, pengine ilikuwa kabla. Akasema, "Na unakujanga hapa kila jioni kuniombea."

"Nakuja."

"Unaomba nani?"

"Sijui. Nakuja tu."

Alifunika maziwa. Alisema yeye anajua kuna anayemsikia, na hataki nidhani nimemtoa kwa imani hiyo. Alisema amenikasirikia vile hajawahi kumkasirikia mtu. Halafu akapanda kwenye ule mtungi, akatoa mkebe wa dawa juu ya ukuta ambako alikuwa ameuficha asiuone, akameza moja na maji, mgongo wake ukiwa kwangu. Akaniambia niondoke na laptop yangu.

Nilifikiri woga utaisha. Jumamosi, saa tatu asubuhi, akaanguka.

Alikuwa amemeza dawa siku mbili mfululizo. Tulikuwa kwenye chai, mimi upande wa chini. Nilisikia kikapu kikigonga matawi kwanza. Aliangukia katikati ya mistari, goti likapiga jiwe, akajing'ata ulimi. Nilimlaza ubavu, nikavua koti nikaliweka chini ya kichwa, nikahesabu kwa sauti kama nesi wa Kapsoit alivyotufundisha. Sikuomba. Nilihesabu tu. Nilipofika mia na arobaini akaanza kulegea.

Siku hiyo hiyo wanawake wawili wa kanisa walikuja kumwona na mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Nitakuwa wa haki kwao: walifua nguo zake zenye damu na matope, wakafagia, wakampikia. Mmoja pia alimwambia, kwa upole kabisa, "Unaona? Siku nne Mungu alikushika. Ukarudia dawa, akakuwachilia."

Walipoenda dada aliniita. Ulimi ulikuwa umevimba, maneno yalitoka kama mtu ana chakula mdomoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni kwa sababu niliwacha, ama ni kwa sababu nilirudia?"

Nilimwambia nesi wetu wa Kapsoit alinieleza kwa simu kwamba mtu akikatiza dawa ghafla anaweza kuanguka hata akiwa ameirudia, mpaka izoee tena mwilini.

"Nesi ana yake na huyo mama ana yake. Nimekuuliza wewe."

"Naamini nesi," nikasema. "Lakini siwezi kukuapia."

"Ungekuwa mimi?"

"Ningemeza. Na ningeogopa."

"Leta maji basi," akasema.

Alimeza zile mbili za jioni kwa shida, ulimi ukimuuma, machozi yakitoka. Moja ilirudi, akaiokota kwenye kanga akaimeza tena.

Jumapili alibaki nyumbani na mke wangu. Mimi nilisimama mbele, nikashika meza. Nilisema nilichogeuza na padri alisema nini haswa. Sikusema yale ya kwangu. Hayo niliona si ya kanisa kujua siku hiyo, na mpaka leo sijui kama ni hekima ama ni woga ule ule. Mama mmoja wa estate akauliza, "Kwa hivyo huyo mtoto hakupona?" Nikamwambia filamu haionyeshi. Mzee aliyenifundisha kazi akasema nisishike maikrofoni tena. Nikakubali. Halafu pasta akasimama, akasema yeye alijua tangu Jumatatu na akanyamaza, na yeye anameza dawa ya presha, na mtu yeyote aliyeacha dawa yake wiki hiyo arudi hospitali kesho. Mwanaume mmoja alitoka nje kabla ya sadaka. Mkewe ana sukari, na alikuwa mmoja wa wale wanane.

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka. Dada alikuwa nje kwenye jua, anachambua maharagwe, mke wangu kando yake.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Ushuhuda wangu je?"

"Pasta amesema ukitaka utoe siku yoyote."

Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe. "Nitatoa," akasema. "Nitasema nimeanguka na bado niko hapa, na dawa nameza. Wakikataa kupiga makofi, wakae." Akaniangalia. "Na jioni utakuja?"

Nilimwambia nitakuja.

"Kuja basi. Lakini wewe usiombe. Nitaomba mimi, wewe ukae tu."

Ndivyo tunavyofanya tangu hapo. Yeye anaomba, mimi nakaa. Bado naogopa kila jioni nikivuta mlango wake nyuma yangu, na kesho yake nikisikia amekohoa ndipo napata pumzi.